Mzigo Kufika na Mwenyewe Kuridhika
Maelezo kuhusu ubora wa huduma ya uchukuzi katika vyama vya msingi



Katika mikutano mingi ya vyama vya msingi, tangu Kilwa Kivinje hadi Kilangala na Milola, ajenda ya uchukuzi wa mazao huja mwishoni, wajumbe wakiwa wamekwisha kuchoka. Mazungumzo yake nayo huishia kwenye jambo moja tu, yaani bei ya lori. Bei ya lori ni jambo la maana na haifai kupuuzwa. Walakini, mwanachama aletaye korosho au ufuta wake katika ghala la chama haitazami bei hiyo peke yake. Anatazama mzigo wake utapimwaje, utaondoka lini, utafika na uzito gani, na ni nani atakayemweleza yaliyotokea njiani. Mambo hayo yote kwa pamoja ndiyo huduma ya uchukuzi na ugavi: kupokea mali, kuipima, kuihifadhi, kuisafirisha na kuikabidhi, pamoja na kupeleka habari zake kwa kila anayehusika.

Makala haya yanakusudia kueleza yale ambayo wataalamu wamegundua kuhusu ubora wa huduma hiyo na jinsi unavyomfanya mteja aridhike au anung'unike. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubora huo haitokani na lori jipya wala barabara ya lami. Hutokana na ahadi iliyotimizwa, uzito ulioandikwa na kasoro iliyorekebishwa mapema. Hayo matatu yamo katika uwezo wa chama cha msingi, hata kile kilicho mbali na barabara kuu.

MTEJA WETU NI NANI?

Katika ushirika mwanachama ana sura mbili. Yeye ndiye mwenye chama, na papo hapo ndiye mteja wa kwanza wa chama chake. Akiwa mwenye chama, hupiga kura katika mkutano mkuu. Akiwa mteja, hupiga kura kila msimu kwa kuleta mzigo ghalani au kuupeleka kwingine. Kura hii ya pili haina karatasi wala mhesabuji, lakini ndiyo inayoamua kama chama kitaishi.

Mteja wa pili ni mnunuzi. Huyu hununua mnadani mzigo ambao pengine hajauona wote kwa macho yake, akitegemea sampuli na maelezo ya ghala. Akienda kupakia akakuta korosho mbichi, mawe au magunia yaliyopasuka, hatasahau. Msimu ujao atapunguza bei yake kwa kiasi cha shaka aliyo nayo, na shaka hiyo italipwa na wakulima wote, hata wale waliokausha na kuchambua vizuri.

Yafaa tukumbuke pia njia ambayo mzigo hupitia. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na Sheria Na. 10 ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008, mkulima hauzi mali yake papo kwa papo. Hupima katika ghala la chama. Mzigo hupakiwa hadi ghala kuu, hupimwa tena na kukaguliwa, stakabadhi hutolewa, mnada hufanyika, mnunuzi hulipa, ndipo fedha hufika benki. Tangu siku ya kupima hadi siku ya kulipwa, mkulima huwa ameikabidhi mali yake kwa watu asiowaona. Katika siku hizo kitu pekee alichobaki nacho mkononi ni kipande cha karatasi, na imani.

WATAALAMU WANASEMA NINI?

Mwaka 1980, mtaalamu wa Marekani aitwaye Richard Oliver alieleza kwamba mtu huridhika au kutoridhika kwa kulinganisha kile alichokipata na kile alichokitarajia. Maneno haya ni mepesi, lakini yana uzito mkubwa kwa katibu wa chama. Tuchukue mfano. Chama cha kwanza kimewaambia wanachama wake kwamba malipo yatachukua wiki tatu, na fedha zikafika siku ya 14. Chama cha pili kimeahidi wiki moja, na fedha zikafika siku hiyo hiyo ya 14. Siku ni zile zile. Lakini katika chama cha kwanza watu watashukuru, na katika chama cha pili watagombana. Kilichotofautiana ni neno lililotangulia.

Baadaye wataalamu watatu, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walitunga mwaka 1988 njia ya kupima huduma kwa kutumia maelezo 22 anayopewa mteja ayapime. Maelezo hayo wameyagawa katika mafungu matano: kutimiza ahadi, wepesi wa kuitikia, ujuzi na adabu inayoleta imani, kumjali mteja, na hali ya majengo na vyombo. Katika uchunguzi wao, wateja waliweka kutimiza ahadi mbele ya yote, na hali ya majengo na vyombo nyuma ya yote. Kwa hiyo chama chenye ghala la bati kuukuu kisikate tamaa, na chama chenye ofisi iliyopakwa rangi kisijivune mapema.

Kwa upande wa uchukuzi wenyewe, John Mentzer na wenzake walianza mwaka 1989 na mambo matatu: je, mali ipo inapohitajika, inafika kwa wakati, na inafika katika hali gani? Mwaka 2001, Mentzer, Flint na Hult waliyapanua mambo hayo kuwa tisa, baada ya kuwahoji watumiaji wa idara inayogawa vifaa kwa majeshi ya Marekani. Waligundua kwamba makundi ya wateja hayafanani. Kundi moja hutazama zaidi wakati, jingine habari, jingine hali ya mzigo. Kwa sababu hiyo walishauri kila kundi lipimwe kwa kipimo chake badala ya kuwafunga wote katika fungu moja.

Idara ya majeshi ya nchi kubwa na chama cha msingi cha korosho ni vitu viwili mbalimbali. Hata hivyo, mambo yale tisa tukiyaleta ghalani kwetu, tutaona kwamba kila moja lina mahali pake:

1. Watumishi: karani wa mizani na dereva wana ujuzi na lugha nzuri, nao hujitahidi kumwelewa mkulima.
2. Kiasi: magunia, kamba na nafasi katika lori vinatosha mzigo uliopo, na pembejeo zinazoletwa zinatosha mahitaji.
3. Habari: mwanachama anaelezwa mapema, na anachoelezwa ni kweli.
4. Taratibu: kupima, kuandika na kupata karatasi hakumpotezei mtu siku nzima.
5. Usahihi: kilichoandikwa ndicho kilichopakiwa, na kilichopakiwa ndicho kilichopokewa.
6. Hali ya mzigo: haukulowa, haukupasuka wala haukumwagika njiani.
7. Ubora wa mali: korosho ni kavu na safi, na salfa ni ile iliyoagizwa.
8. Kurekebisha kasoro: tofauti ikitokea, hushughulikiwa na kumalizwa.
9. Wakati: mzigo huondoka na kufika siku iliyotajwa.

Katika hayo tisa, tutaeleza kwa urefu manne ambayo katika mwambao wetu huzaa manung'uniko mengi: wakati, uzito, habari na kurekebisha kasoro.

WAKATI

Hakuna mfano ulio wazi zaidi kuliko salfa. Ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia machipukizi na maua ya mkorosho. Kwa hiyo dawa hupulizwa maua yanapoanza kutoka, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Mfuko wa salfa uliofika ghalani kwa wakati huokoa maua. Mfuko ule ule ukifika maua yamekwisha kukauka, una uzito ule ule na ubora ule ule, lakini kwa mkulima hauna thamani yoyote msimu huo. Katika uchukuzi, basi, wakati ni sehemu ya mali yenyewe.

Wapo wasemao kwamba kuchelewa hakuepukiki katika nchi yetu ya mito na mvua. Ni kweli kwamba njia zetu zina historia ngumu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yaliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na maji yakijaa, safari ya Dar es Salaam ilisimama. Hata baada ya daraja na lami, Mei 2024 mvua zilizofuatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Hayo yalitokea wakati mavuno ya ufuta yanakaribia.

Katibu hawezi kuzuia mvua. Lakini aweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kupanga safari za barabara mbaya zitangulie zile za barabara nzuri, ili mzigo ulio ndani uondoke kabla njia hazijaharibika. Pili, kuwa na maturubai na chaga za kutosha, ili mzigo unaosubiri lori usilale juu ya sakafu yenye unyevu. Tatu, kuutangaza ucheleweshaji siku ile ile unapojulikana, na kutaja siku mpya. Mkulima wa pwani anaijua mvua kuliko ofisi yoyote, na ataivumilia. Asichoweza kuvumilia ni kuambiwa "kesho" kwa siku tisa mfululizo.

UZITO

Tofauti ya uzito kati ya mizani ya chama na mizani ya ghala kuu ndiyo chanzo kikubwa cha kutoaminiana. Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja, yaani unyaufu. Unyaufu ni kweli upo, kwa maana korosho ikikauka hupoteza maji, na maji yana uzito. Lakini unyaufu una hesabu yake, na katibu aweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu.

Kinachopotea ni maji tu. Sehemu kavu ya korosho haipungui. Kwa hiyo chukua kilo zilizopimwa mwanzoni, zidisha kwa 100 ukitoa asilimia ya unyevu wa mwanzo, kisha gawanya kwa 100 ukitoa asilimia ya unyevu wa mwisho. Tuseme chama kimepokea kilo 10,000 zenye unyevu wa asilimia 12, na zimefika ghala kuu zikiwa na unyevu wa asilimia 10. Sehemu kavu ni 88 katika kila 100 mwanzoni, na 90 katika kila 100 mwishoni. Basi 10,000 mara 88, gawanya kwa 90, ni kilo 9,778. Unyaufu wa haki ni kilo 222.

Sasa tuseme ghala kuu limeandika kilo 9,600. Kutoka 9,778 hadi 9,600 kuna kilo 178 ambazo kukauka hakuzielezi. Kilo hizo zina sababu nyingine: mizani isiyo sawa, magunia yaliyotoboka, makosa ya kuandika, au mkono wa mtu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi 534,000. Bandu bandu humaliza gogo. Safari kumi za namna hiyo ni zaidi ya shilingi milioni tano za wanachama.

Kutokana na hesabu hii twapata mafundisho mawili. La kwanza, unyevu lazima upimwe na kuandikwa wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi. Pasipo namba hizo mbili, neno unyaufu huwa kapu la kutupia kila upungufu. La pili, ni afadhali chama kisipokee kabisa korosho mbichi. Mkulima akirudishwa nyumbani kuanika siku mbili atanung'unika kidogo. Lakini mzigo wake ukipokewa mbichi, chama kizima kitanung'unika baadaye. Mizani nayo ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu, na itazamwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana.

Kwa upande wa ufuta, hatari kubwa ni gunia. Punje zake ni ndogo mno, na tundu lisiloonekana wakati wa kupakia hugeuka mfereji lori likianza kutikisika katika makorongo. Gunia lililoshonwa vizuri ni sehemu ya huduma sawa na lori lenyewe.

HABARI

Wataalamu wale waliotajwa juu waliiweka habari kuwa jambo linalojitegemea, wala hawakuichanganya na wakati. Sababu yake twaijua. Mzigo waweza kuwa salama ghala kuu, umepimwa sawasawa na unangoja mnada, lakini mwenyewe asipojua, kwake ni kama umepotea. Mtu asiye na habari huziba pengo hilo kwa uvumi, na uvumi haukosi wa kuueneza.

Dawa yake si ya gharama. Uwekwe ubao mbele ya ghala la chama, na kila safari iandikwe mstari mmoja: tarehe ya kuondoka, idadi ya magunia, kilo zilizopakiwa, kilo zilizopokewa, tarehe ya mnada, bei iliyopatikana, na tarehe fedha zilipopelekwa benki. Nafasi ambayo bado haijajazwa iachwe wazi, ili kila mtu aone mzigo umefikia hatua gani. Habari hizo hizo ziweza kutumwa kwa simu za wanachama, lakini ubao usiachwe, kwa sababu simu husomwa na mtu mmoja, na ubao husomwa na kijiji.

KUREKEBISHA KASORO

Hakuna uchukuzi usio na kasoro. Kwa hiyo mteja mwenye busara hauulizi uongozi kama kosa litatokea. Huuliza litakapotokea litashughulikiwaje. Katika vitabu vya vyama vingi utaona daftari la mizani lililoandikwa vizuri, lakini hutaona mahali palipoandikwa malalamiko. Malalamiko yasiyoandikwa hayapungui kwa kutoandikwa. Huhamia barazani, na kutoka barazani huenda kwa mnunuzi wa kangomba.

Inafaa kila chama kiwe na kitabu cha malalamiko chenye safu tano: tarehe, jina, jambo lenyewe, hatua iliyochukuliwa, na tarehe ya kumalizika. Iwekwe pia kanuni ya muda. Kwa mfano, mwanachama mwenye shaka juu ya uzito ajibiwe kwa maandishi katika siku saba, hata kama jibu ni kwamba uchunguzi bado unaendelea. Tofauti ikithibitika, ilipwe na aliyeisababisha, awe msafirishaji, mwenye ghala au mtumishi wa chama, wala isigawanywe kimyakimya juu ya migongo ya wanachama wote. Mwanachama aliyedhulumiwa kilo tano akarudishiwa kilo zake mbele ya wenzake, aweza kuwa shahidi mwema wa chama.

GHALA LISILO NA MZIGO

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linastahili juhudi yote hii. Historia ya kusini inajibu. Baada ya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga, ilichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya vituo vyake. Reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mradi ukavunjwa mwaka 1951, kwani mvua, udongo na mitambo havikupatana na hesabu za ofisini. Reli ikabaki haina mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Haikufa kwa ubovu wa chuma. Ilikufa kwa kukosa wa kuipa mzigo.

Korosho nazo zina fundisho lake. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei ndogo kwa mkulima, na ubwiri unga. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Hatuwezi kuyaweka yote hayo juu ya lori na mizani. Lakini jambo moja ni dhahiri: mkulima asipoona faida ya kuleta mzigo, hafanyi mgomo wala haandiki barua. Huuacha mkorosho uzungukwe na nyasi.

Siku hizi mlango wa kutokea u karibu zaidi. Mnunuzi wa kangomba hufika mlangoni, hana stakabadhi, na bei yake ni ya kunyonya. Mara nyingi hununua korosho zikali maua. Lakini ana sifa moja ambayo chama hakina budi kuitazama bila hasira: fedha yake ni leo, na mkulima anajua anachopata. Kumkemea peke yake hakutoshi. Mtu mwenye mgonjwa ndani au mtoto anayedaiwa sare za shule hatangoja wiki tatu kwa chama ambacho msimu uliopita kilisema wiki moja. Atangoja kwa chama ambacho kikisema wiki tatu, huwa tatu.

NAMNA YA KUPIMA

Mali bila daftari hupotea bila habari, na huduma ni vivyo hivyo. Kila chama chaweza kujipima kwa namba nne zinazopatikana katika vitabu vyake:

(a) Katika kila safari 10, ni ngapi zilizoondoka siku iliyotangazwa?
(b) Tofauti ya uzito kwa kila safari ni kilo ngapi, baada ya kutoa unyaufu wa haki?
(c) Tangu mwanachama apime hadi alipwe zilipita siku ngapi, na siku zilizoahidiwa zilikuwa ngapi?
(d) Malalamiko yalikuwa mangapi, na yalimalizwa kwa siku ngapi?

Namba hizo huonyesha huduma ilivyokuwa. Ili kujua kama watu wameridhika, hapana budi kuwauliza wenyewe. Kwa chama chenye wanachama 300, yatosha kuwauliza 30. Chukua rejesta, piga kura kupata namba kati ya 1 na 10, anza na jina hilo kisha chagua kila jina la kumi. Usichague walio karibu na ofisi wala waliozoea kusema mikutanoni, kwani hao maoni yao yamekwisha sikika. Muulizaji asiwe karani wa mizani wala katibu, bali mwalimu au kijana aliyesoma ambaye hana maslahi ghalani. Majina ya waliojibu yasiandikwe.

Kabla ya msimu waulizwe wanatarajia nini: mzigo uondoke baada ya siku ngapi, malipo yafike baada ya siku ngapi. Baada ya msimu waulizwe maswali matano tu. Mzigo wako uliondoka siku uliyoambiwa? Uliuamini uzito ulioandikwa? Ulijua mzigo wako ulipo? Ulipokuwa na tatizo, lilimalizwa? Msimu ujao utauleta mzigo wako wote hapa? Swali la mwisho ndilo mizani ya yale manne.

Majibu yagawanywe kwa vijiji au vitongoji. Huenda walio kando ya barabara kuu wakalalamikia foleni ya kupima, na walio ndani zaidi wakalalamikia lori kuchelewa. Ukiwachanganya, utapata wastani usiomhusu yeyote.

MKATABA WA MSAFIRISHAJI

Matokeo ya kipimo hicho yaingie katika mkataba wa uchukuzi wa msimu unaofuata. Mkataba unaotaja bei kwa kilo pekee humfundisha msafirishaji jambo moja tu, kubeba kilo nyingi. Utaje pia muda wa kufika tangu kuitwa, wajibu wa kuwa na turubai zima, atakayelipa gunia likimwagika au kulowa, na kwamba hati ya safari itiwe sahihi na pande zote mbili wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Msafirishaji wa bei ya chini anayepoteza kilo 178 kwa safari si wa bei ya chini. Kamati ya zabuni ifanye hesabu hiyo kabla ya kuchagua, na mkutano mkuu uonyeshwe.

Kwa upande wake, msafirishaji naye ni mtu wa kutendewa haki. Akiitwa akakuta mzigo haujafungwa na wapakiaji hawapo, akalala siku mbili ghalani, gharama hiyo itarudi kwa wanachama kwa njia ya bei. Chama kinachodai wakati kitimize wakati.

Ndugu wanachama, hakuna katika haya linalohitaji kungoja fedha kutoka mbali. Ubao, kitabu cha malalamiko, kipimo cha unyevu na kalamu ya hesabu viko karibu yetu, na ahadi ni deni ambalo kila katibu anaweza kulilipa kwa kuahidi kile tu anachokiweza. Kamati za vyama zianze kazi hii kabla ya mizani kufunguliwa msimu ujao. Yale majibu ya swali la tano yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu, hata kama hayapendezi, ili wanachama wote wajue mzigo wa msimu unaofuata utakuwa ghalani kwetu au mlangoni kwa mtu mwingine.